Mapovu ya Mtoto wa Enesi

Tunduma, Alhamisi 2 Januari 2025

Daftari hili dereva mmoja wa lori la shaba alilisahau kwenye benchi letu. Alikuwa ameandika kurasa mbili tu, nimezichana. Mimi niliishia darasa la tano kwetu Kiomboi, lakini kuandika najua, na mji huu hauna mtu wa kuongea naye Kinyiramba. Nitaandika siku zinavyopita mpaka mvua hizi ziishe. Leo matairi manne. Mke wangu Enesi ana mimba, miguu imevimba, ndala haziingii.

Jumapili 5 Januari

Mvua. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde imefika mbali. Sikwenda kanisani, Luka alikuwa na kazi za haraka. Luka ndiye mwenye banda la pancha na kompresa. Mimi ni mikono yake.

Jumatano 8 Januari

Enesi anasema kichwa kinamgonga na anaona vinyota. Aliongea na mama yake wa Isansa kwenye simu muda mrefu, kwa Kinyiha. Sikuelewa. Alipokata simu alisema, "Mama anasema nivumilie." Nikamwambia basi lala kidogo.

Ijumaa 10 Januari

Matairi saba. Mgongo.

Jumapili 12 Januari

Naandika nimekaa kwenye ngazi za hospitali, mbali na Tunduma. Mikono bado ina grisi.

Saa moja asubuhi Enesi alikuwa anawasha jiko la mkaa. Nikasikia sufuria linaanguka. Nilipotoka alikuwa chini, mwili umekakamaa, macho yamegeuka juu. Jirani mmoja akasema ni mapepo. Mwingine akasema nimtie kijiko mdomoni. Nilisimama katikati yao kama mti. Luka alikuja na pikapu yake, akasema, "Mbebe mkeo, Mnyiramba, hapa hakuna mkutano." Tukambeba kwenye mvua.

Kituo cha afya walimchoma sindano, wakasema presha imepanda sana, hiki ni kifafa cha mimba, wakatupakia kwenye gari la wagonjwa kuja huku. Daktari wa huku aliniuliza miguu ilivimba lini. Nikasema tangu kabla ya mwaka mpya. Hakunigombeza. Aliandika tu, na mimi ningependa angenigombeza.

Walimpasua saa sita. Mtoto wa kike, mimba ya miezi saba, kilo moja na gramu mia tatu. Spana yangu ya kufungulia nati za lori ni nzito kuliko yeye. Alilia mara moja, kisauti cha paka, halafu akaanza kuguna kila akitoa pumzi. Nesi mmoja mfupi, mwenye viatu vya mpira vyeupe, alipita naye mbio mbele yangu. Niliona kifua kinavyodidimia katikati ya mbavu kama mfuko wa nailoni ukinyonywa.

Jioni wameniita kuchungulia. Kavaa kofia ya sufu, vijirija viwili vimeingia puani. Mguuni wamemfunga karatasi: MTOTO WA ENESI. Enesi mwenyewe yuko hai, hajazinduka sawasawa. Nimeuliza mtoto atapona? Nesi wa viatu vyeupe, anaitwa Sista Gwantwa, amesema, "Leo anapumua. Kesho tutasema ya kesho."

Jumatatu 13 Januari

Niandike hili kama lilivyo, maana sitaweza kumwambia mtu.

Asubuhi nilinawishwa mikono mpaka kwenye viwiko, nikavalishwa gauni, nikaruhusiwa kukaa karibu na mtoto. Sista alisema, "Mwangalie, usiguse kitu." Halafu akaitwa kwa mtoto mwingine upande wa pili, mtoto wa dada mmoja anaitwa Ruti.

Nikaangalia. Mrija unatoka kwenye mashine unakwenda puani. Mrija mwingine unatoka puani, unashuka mpaka kwenye chupa ya maji iliyosimama chini. Na ndani ya chupa, mapovu. Bulubulu, bulubulu, bila kupumzika.

Mimi miaka sita nimekaa mbele ya beseni la maji. Tyubu ikiingia majini, macho yangu yanatafuta kitu kimoja tu, mapovu. Palipo na mapovu ndipo upepo unapokimbilia. Sijawahi kuona mapovu yakawa habari njema. Nikajiambia, mtoto wangu anakufa kwa kukosa upepo, na upepo wake wote unapotelea kwenye chupa, na hawa wana kazi nyingi, hawajaona.

Mfukoni nilikuwa na ukanda wa mpira wa tyubu. Sisi wa matairi hatutembei bila huo, tunafungia kila kitu. Niliuzungusha kwenye mrija juu ya chupa, nikavuta, nikakaza. Mapovu yakaisha. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kama fundi.

Sista Gwantwa hakuwa ameniona. Alikuwa amenipa mgongo. Lakini mapovu yaliponyamaza aligeuka kama mtu aliyeitwa jina, akakimbia chumba kizima, akakata mpira kwa mkasi. Mapovu yakarudi. Mtoto alikuwa amebadilika rangi mdomoni. Alimwinamia, akamsikiliza kifua pande zote mbili, akatazama namba kwenye mashine mpaka zikapanda.

"Nani amefunga hapa?"

"Mimi, sista. Ilikuwa inavuja."

Alinitazama mikono, akaona grisi kwenye kucha. "Wewe kazi yako nini?"

"Pancha. Matairi ya malori."

Nilisubiri kufukuzwa. Alivuta stuli akakaa. Akasema, "Sikiliza, baba. Mapafu ya huyu hayajakomaa. Akitoa pumzi yote, yananywea na kunatana. Kuyafungua tena ni kazi, ndiyo maana anaguna. Sasa huu upepo unaingia puani, unatokea huku, na maji yanauzuia kidogo usitoke wote. Ule unaobaki ndio unaoweka mapafu wazi. Mapovu yakisikika, kifua kiko wazi. Yakinyamaza mimi nakimbia. Umeelewa?"

Nilielewa kuliko alivyodhani. Tyubu iliyokaa bila upepo kuta zake zinashikana, ukijaza unaona inavyogoma. Ndiyo maana tunaipaka poda ndani ya tairi. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Hata yeye jana tulimpa poda yake, dawa ya kupaka mapafu ndani. Umefunga kwa muda gani?"

"Sijui. Labda kuhesabu mpaka ishirini."

Alichukua ule ukanda uliokatwa, akautia kwenye mfuko wa gauni lake.

Jumanne 14 Januari

Mama mkwe amefika kutoka Isansa. Ametembea na mabuti kwenye tope mpaka barabarani, ana kiroba cha unga na kuku amefungwa miguu. Kuku amezuiwa getini. Nilipiga goti nikamsalimia kwa mbali, kwa kuwa katika ukoo wao mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe, hampi mkono, wala hasimami mbele yake bila shati. Aliitikia akiangalia pembeni. Kisha akasema, "Nilisema. Mji wa moshi wa malori si mji wa kulea mimba." Sikubisha. Akiamini ni moshi, hatauliza mengine.

Saa tano mtoto akachoka. Kuguna kuliisha, nikadhani nafuu. Sista akasema hapana, amechoka hata kuguna. Alikuwa anapumua, anaacha. Anapumua, anaacha. Daktari akaja, wakanitoa. Nilikaa kwenye korido na mama mkwe, yeye ameelekea dirisha, mimi nimeelekea mlango, na ndani ya kichwa changu nahesabu moja mpaka ishirini, moja mpaka ishirini.

Waliponiita, mrija ulikuwa umeingia mdomoni na kushuka kifuani, na alikuwa amewekwa kwenye mashine nyingine, kubwa, yenye kioo. Wanayo moja tu. Haina chupa, haina mapovu. Inasukuma, inaachia, na kifua cha mwanangu kinapanda na kushuka kwa amri yake, mara arobaini kwa dakika.

Nikamuuliza Sista, "Ndiyo nimemuua?"

"Nani kakwambia amekufa? Amechoka. Hii inampumulia ili apumzike." Akanionyesha picha ya kifua ikiwa mbele ya taa. "Kama ungempasua pafu kwa ule mpira wako, hapa tungeona upepo umetoka nje ya pafu. Haupo. Mapafu yake ni ya miezi saba, yangechoka tu."

"Una uhakika, sista?"

"Ninachoona ndicho ninachokwambia."

Nimesikia. Lakini si sawa na kuamini.

Jumatano 15 Januari

Mvua. Enesi amezinduka, ameuliza mtoto. Nimesema yuko kwenye mashine, anapumzika.

Alhamisi 16 Januari

Enesi amekamua maziwa, yamejaa kifuniko cha soda. Kazi yangu ni kuyapeleka chumba cha watoto. Nimebeba magunia ya kilo mia kwenye mabega haya. Leo nilibeba kifuniko kimoja cha maziwa na sijawahi kutembea polepole namna ile.

Wanampitishia kwa mrija tumboni. Hayo yenyewe alikula nusu.

Ijumaa 17 Januari

Luka amepiga simu. "Mnyiramba, banda zima linasema umeajiriwa kunyonyesha."

"Waambie foleni ni ndefu, waje mapema."

Akacheka, halafu akauliza taratibu anaendeleaje. Nikamwambia mashine imepunguzwa, sasa inampa pumzi thelathini, nyingine anavuta mwenyewe. Akasema, "Kama kuli anayepokezwa mzigo."

Ndivyo. Siku pancha zikikosekana tunashusha saruji, na mwenzako akiona magoti yanatetemeka anaingia chini ya gunia. Hakunyang'anyi. Anabeba na wewe mpaka upate pumzi, halafu anatoka pole pole. Nimeitazama ile mashine leo nikaacha kuichukia.

Jumamosi 18 Januari

Pumzi ishirini za mashine. Mama mkwe ameanza kuniuliza namba, akiwa amenipa mgongo.

Jumapili 19 Januari

Leo wametoa mrija wa mdomoni.

Sista alikuja asubuhi, amevaa gauni safi, akasema daktari ameamua. Akasema wengine wakitolewa wanarudishwa, nisishangae. Enesi aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, mara yake ya kwanza kumwona mtoto. Hakulia. Alisema tu, "Ana masikio yako," nikaona aibu, maana masikio yangu ni makubwa.

Walivuta plasta, wakavuta mrija. Ile mashine ikapiga kelele kwa kukosa mtu, wakaizima. Chumba kikawa kimya. Mtoto hakufanya chochote. Nilimwona Sista anamsugua mgongo kwa vidole viwili. Anamsugua. Hakufanya chochote. Enesi alinishika suruali.

Kisha akakunja uso wote kama mzee aliyeonja limao, akalia. Kisauti kimekwaruzwa na mrija, huwezi kukisikia ukiwa mlangoni. Sisi tulikisikia. Sista hakusubiri wimbo wa pili, akamvisha vijirija vya puani, akafungua upepo, na kule chini kwenye chupa yakaanza. Bulubulu, bulubulu.

Mama mkwe alikuwa dirishani kwa nje. Nilimwonyesha chupa kwa kidole. Hakujua maana yake. Nilitoka nikamweleza, kutoka mbali, mapovu yana kazi gani. Akauliza, "Umejuaje yote hayo?"

Nikasema sista alinifundisha. Hiyo si habari yote.

Jumanne 21 Januari

Wakati mwingine mtoto anasahau kupumua. Namba zinashuka, wanamgusa unyayo, anakumbuka. Wamemwanzishia dawa ya kumkumbusha. Sista amesema ndani ya dawa kuna kile kile kinachokuwa kwenye kahawa. Mama mkwe ana miti ya kahawa ya marehemu mumewe, na hajawahi kunywa kikombe. Wao huvuna na kuuza, wanakunywa chai. Akasema, "Miaka yote hii napalilia dawa bila kujua."

Alhamisi 23 Januari

Kidonda cha Enesi kimefunguka, amerudishwa kitandani ana homa. Na leo ndiyo siku daktari alisema mtoto aanze kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, vijirija vyake vikiwa puani. Sista Gwantwa akanitazama.

"Baba, vua shati."

Nikatazama kwenye kiti cha wageni. Mama mkwe alikuwa pale, ameshika chupa ya chai.

"Bibi yake ambebe," nikasema.

"Bibi ana kikohozi tangu juzi, hapiti mstari ule wa sakafuni. Vua shati."

"Sista, yule ni mama mkwe wangu."

"Hapa hakuna mkwe. Kuna kifua chenye joto na kisicho na joto."

Kina mama wa watoto wengine walishaacha kukamua, wanasubiri kuona. Ruti akasema, "Vua, baba, tumeshaona vibaya zaidi ya hivyo." Wakacheka. Mama mkwe akainuka, nikadhani anaondoka kwa hasira. Aligeuza kiti chake, akakaa ameelekea ukuta, akajifunika kanga kichwani. Nikavua.

Walimweka katikati ya kifua, kichwa chini ya kidevu changu, wakatufunga kwa kitenge. Ni kama kuwekewa ndege. Miguu yake ilinikwaruza mbavu. Nilikaa saa tatu nzima sijasogea, na namba zake hazikushuka hata mara moja.

Jumatatu 27 Januari

Siku tano sasa ndiyo kazi yangu. Natoka asubuhi kwa ndugu wa Ruti wanaonilaza, naoga kwa sabuni nyingi, navua shati. Mama mkwe anageuza kiti. Kina mama wanauliza, "Baba, leo maziwa yametoka?" Nasema bado, nimemwachia mama yake. Ruti ameruhusiwa jana na mtoto wake, nimekosa mtani.

Leo mama mkwe alianza kuzungumza na ukuta. Alisema anataka kwenda kwa mchungaji kuombewa, maana kuna mtu alifanya jambo mtoto akazidiwa. Nilidhani Sista amesema. Nikatazama mgongo wa mama mkwe, ile kanga ya bluu, na nikaona kwamba mtu akikupa mgongo ni rahisi kumwambia kitu kuliko akikutazama.

Nikasema, "Mama, ni mimi."

Hakugeuka.

Nikamweleza. Beseni, mapovu, mpira wa tyubu, kuhesabu mpaka ishirini. Nikasema sista anasema si hilo lililomzidishia, lakini mimi sijui, na nimekuacha ulaumu moshi kwa sababu nilikuogopa. Nilisema taratibu kwa sababu mtoto alikuwa amelala kifuani.

Nikasikia mapovu yote ya chumba kizima. Kisha akasema kwa ukuta:

"Mkwe, wewe Kinyiha hujui."

"Sijui, mama."

"Ile Jumatano Enesi alinipigia. Akasema miguu imevimba, kichwa, anaona vinyota, anataka kwenda kliniki. Nikamwambia miguu ya mimba huvimba, mimi nilivimba mimba zote sita, asiwape watu wa mjini hela za bure, avumilie mpaka nije na dawa ya mizizi. Mtu ninayesema alifanya jambo ni mimi."

Sista Gwantwa alikuwa kwenye meza yake anaandika, sikujua alisikia kiasi gani. Alisema bila kuinua kichwa, "Basi mmemaliza? Maana mtoto anahitaji maziwa saa sita na hakuna aliyekwenda kuyachukua."

Mama mkwe ndiye aliyekwenda. Alipita mbele yangu, macho chini, lakini alipita mbele. Siku zote alikuwa anazungukia nyuma.

Ijumaa 31 Januari

Mchana, mtoto kifuani, nimesinzia. Nikaamka sijui kwa nini. Mapovu yalikuwa yamenyamaza. Mikono yangu ilitaka kushika mrija, nikaibana mapajani. Nikasema kwa sauti, "Sista, yamenyamaza." Alifika upesi. Kijirija kimoja kilikuwa kimechomoka puani. Akakirudisha, yakaanza.

Akatia mkono mfukoni kwenye gauni, akanipa ule ukanda wa mpira uliokatwa. "Chukua kitu chako. Sikuwa na amani nao."

Jumanne 4 Februari

Mvua kubwa. Wametoa mapovu. Sasa ni kamrija ka oksijeni tu. Sina usingizi mzuri wa mchana bila ile sauti.

Jumapili 9 Februari

Kilo moja na nusu. Enesi amepona homa, tunapokezana kifua. Mtoto ananyonya kidogo kisha anasahau alikuwa anafanya nini.

Ijumaa 14 Februari

Hakuna mrija wowote. Uso mtupu. Ana kidevu cha mama mkwe, hatukuwa tunakiona kwa plasta.

Jumatano 19 Februari

Kilo moja na gramu mia nane. Kesho tunaruhusiwa. Tumeamua waende Isansa kwa bibi mpaka mtoto akue, mimi nirudi Tunduma. Nilikwenda kumuaga Sista Gwantwa, nikakuta yuko kwa mtoto mpya, mdogo kuliko wetu, yuko kwenye ile mashine kubwa. Baba yake amesimama pembeni, anaitazama kama mimi nilivyokuwa naitazama. Nikamwambia, "Inampokea mzigo tu. Watampunguzia pole pole." Akaniuliza mimi ni daktari? Sista akasema, "Huyu ni fundi pancha. Msikilize."

Alhamisi 20 Februari

Tuliondoka saa nne, gari dogo la abiria tisa. Enesi alikuwa na mtoto kifuani, kiti cha dirishani. Tukiwa hatujafika Isansa mvua ikashuka, njia ikawa utelezi kama imepakwa grisi. Gari likaingia mtaroni upande wangu, likakaa. Dirisha la Enesi lilikuwa halifungi vizuri. Maji yakamwingia begani yakashuka mpaka kwenye kitenge. Aliingiza mkono ndani. "Baba, miguu yake imepoa," akasema.

Dereva akasema wanaume wote washuke wasukume. Nikaanza kushuka, ni kazi ninayoijua kuliko wote mle ndani, hata kwa kuangalia tairi nilijua lingetokea upande gani. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele yetu. Akageuka. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Wewe kaa," akasema. "Wasukume wenye vifua vya kusukumia. Chako kina kazi. Vua shati."

Abiria wawili walikuwa watu wa Isansa, wa ukoo wao. Mmoja mzee akasema kitu kwa Kinyiha, kwa mshangao. Mama mkwe akamjibu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Mzee, kama una kifua cha moto kuliko hiki, kilete."

Mzee akashuka kusukuma.

Nikavua. Enesi akamtoa mtoto kwenye kitenge kilicholowa, akaniwekea, na mama mkwe mwenyewe akavua kanga yake ya bluu, akatufunga, mikono yake inagusa mbavu zangu, hakuangalia pembeni. Miguu ya mtoto ilikuwa baridi kama spana ya asubuhi. Akaweka mkono juu ya kanga, akawa anahesabu, midomo yake ikicheza. Nilijua anahesabu pumzi.

"Arobaini na nne," akasema. "Ni nyingi?"

"Ni sawasawa, mama."

Tulikaa hivyo mpaka gari likatoka. Miguu ilipata joto kabla ya tairi kutoka kwenye tope.

Tunduma, Jumapili 2 Machi

Mvua. Matairi matano. Luka amenipokea kwa maneno mengi na soda moja.

Jumatano 5 Machi

Asubuhi kompresa inanguruma, dereva Mzambia amesimama juu yangu ana haraka ya kuvuka. Nilikuwa nimezamisha tyubu, mapovu yanapanda, natafuta tundu. Simu ikalia. Mama mkwe.

"Mkwe. Kliniki wamesema kilo mbili na gramu mia moja."

"Asante, mama."

"Ngoja." Nikasikia anatembea, mlango, kanga. "Nimemwekea simu puani. Sikiliza."

Sikusikia kitu kwa ajili ya kompresa. Nikainuka nikaizima. Dereva akasema, "Boss, nakawilishwa." Luka akamwambia amwache.

Nikabana simu sikioni. Ilikuwa mvua juu ya bati la Isansa, na chini ya mvua, yeye.